Bomba Kavu Halivuji: Ukienda Kununua Nyumba Modogashe, Beba Maji Yako

Nyumba inayouzwa Modogashe mara nyingi haivuji. Fungua mfereji wa jikoni: hautoi tone. Inama chini ya sinki: pakavu. Pitisha kiganja kwenye ukuta wa bafu: vumbi tupu. Dalali anatabasamu, na ana sababu, kwa kuwa lile tangi jeusi lililokalia mnara wa vyuma huko nje halijatiwa maji tangu mwenyewe ahamie Garissa mjini. Bomba lisilo na maji litavuja nini?

Hapa ndipo ushauri wa kawaida kuhusu ununuzi wa nyumba unapomwacha njiani mtu wa Kaskazini Mashariki. Fundi wa Nairobi atakwambia ufungue mifereji yote kwa pamoja, uvute choo, utazame mita kama inazunguka. Ni maneno ya kweli, lakini yote yanachukulia kwamba maji yamo ndani ya nyumba, yanamngoja mgeni. Modogashe, makao makuu ya kaunti ndogo ya Lagdera katika Kaunti ya Garissa, pale barabara ya kutoka Isiolo inapokutana na ile ya Garissa kwenda Wajir, maji hayamngoji mtu. Huja kwa mkokoteni wa punda, huja kwa boza, au huja kwa bomba la kisima siku ambayo mashine ni nzima na mafuta yapo. Kaunti ya Garissa hupata mvua ya wastani wa milimita 275 hivi kwa mwaka, na wastani huo nao ni wa kwenye karatasi: kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana. Nyumba iliyojengwa katika miaka hiyo huenda haikuona tangi lake likijaa hata siku moja wakati huo.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: kabla hujailipia nyumba, lipia maji ya kuijaribia. Nusu boza, au mikokoteni kadhaa ya mitungi, ni gharama ndogo sana mbele ya bei ya nyumba, na hakuna dalali, fundi wala jirani atakayekueleza ukweli kama maji yenyewe yatakavyokueleza kwa siku mbili.

Zamani jambo hili halikuwasumbua wengi. Nyumba ya miti na mikeka inayopakiwa juu ya ngamia haina haja ya fundi wa bomba. Lakini tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji midogo ya huku imeota ofisi, madarasa na zahanati, pamoja na watumishi wanaotaka nyumba ya mawe yenye bafu la ndani. Barabara ya kutoka Isiolo hadi Mandera, ya zaidi ya kilomita 700, ambayo Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za sehemu yake mwaka 2020, njia yake inapita Modogashe, na kila mwenye ploti kando yake ameshaanza kupiga hesabu. Halafu kuna mnunuzi wa mbali, aliye Eastleigh, Minneapolis au Dubai, ambaye anatumiwa video kwenye simu. Video inaonyesha vigae, sinki jeupe, na mfereji unaong'aa wa kuchanganya maji moto na baridi. Maji yenyewe hayaonekani, maana hayapo.

Anza na tangi likiwa bado tupu, kwa kuwa hiyo ni nafasi ambayo mnunuzi wa jiji kubwa haipati. Shika miguu ya mnara uutikise. Lita 5,000 za maji ni tani 5, na mnara unaoyumba ukiwa hauna kitu juu yake utafanya nini siku ukibebeshwa tani hizo upepo ukivuma? Panda, fungua kifuniko, umulike ndani kwa simu. Matope mekundu chini yanasema tangi lilikuwa linajazwa maji ya silanga. Ukoko mweupe kwenye kuta unasema ni maji ya kisima yenye chumvi au chokaa. Viluwiluwi, au maganda yao makavu, vinasema kifuniko hakikuwa kinafungwa, na hilo si dogo: Mandera ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2011 na wa chikungunya mwaka 2016, na mbu wanaoeneza maradhi hayo wanapenda sana maji yaliyowekwa nyumbani. Watu wa Lamu walilijua tatizo hilo karne nyingi kabla yetu, wakaweka visamaki vinavyokula viluwiluwi ndani ya birika za mabafu yao. Kwenye tangi la plastiki juu ya mnara samaki hawatakaa, kwa hiyo tazama kama bomba la kumwagia maji ya ziada limefungwa wavu.

Kisha tia maji. Funga mifereji yote, funga koki ya choo, na baada ya sala ya Isha pima kwa fimbo kutoka ukingo wa tangi hadi uso wa maji. Funika, teremka, na usiku huo pasiwe na mtu wa kuteka. Baada ya Alfajiri panda upime tena. Tangi la lita 5,000 huwa na kipenyo cha mita 1.8 hivi, na kwa upana huo kila sentimita moja iliyoshuka ni lita 25. Yaani mtungi mmoja wa lita 20 na robo umeondoka watu wakiwa wamelala, na hakuna aliyesikia hata tone.

Ikiwa maji yameshuka, usianze kubomoa vigae wala kugombana na mtu. Usiku wa pili funga koki iliyo chini kabisa ya tangi, ile inayoyazuia maji kuingia kwenye nyumba, upime tena. Kama sasa hayashuki, tangi ni zima na ubovu uko kwenye mabomba. Kama bado yanashuka, ubovu uko kwenye tangi lenyewe au kwenye shingo yake, pale bomba linapotokea, ambapo raba iliyokaa miezi kwenye jua bila maji hukauka na kupasuka. Tofauti ya matokeo hayo mawili ni kubwa: raba ni kazi ya asubuhi moja, lakini bomba lililozikwa chini ya sakafu ya saruji ni kazi ya kupasua nyumba uliyoinunua juzi.

Mchana wa kesho yake zunguka uani. Katika kiangazi cha Lagdera hakuna siri ya maji inayodumu, kwa sababu viumbe wote wanayatafuta. Nyuki ndio wa kwanza. Yunioni ya bomba inayotoa unyevu usioshika hata kidole utaikuta ina nyuki sita au saba wametulia juu yake, wananyonya. Ndege watafuata, halafu mbuzi wataanza kulamba ukuta mahali ambapo wewe huoni kitu. Ukiona mstari wa majani mabichi umekatiza ua uliokauka, fuata mstari huo. Aghalabu unaanzia kwenye tangi na kuishia jikoni. Ila usidanganywe na mathenge. Mti huo mizizi yake inakwenda chini sana na hubaki kijani hata mwaka wa njaa, kwa hiyo rangi yake si ushahidi wa bomba linalovuja. Cha kuogopa kwa mathenge ni jambo jingine: ukiwa umeota karibu na shimo la majitaka au juu ya bomba la udongo, mizizi itakuwa imeshaingia ndani.

Wapo wanaosema kudondoka kidogo si kitu. Huenda si kitu kule ambako maji yanatoka mferejini usiku na mchana. Mfereji unaodondoka tone moja kila sekunde hupoteza karibu lita 20 kwa siku. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvitumia katika kambi za wakimbizi, vinaweka lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kima cha chini cha kunywa, kupika na kujisafi. Kwa hiyo mfereji huo ni mwanafamilia wa ziada, tena mwenye kiu kuliko wote, na maji yake utayalipa kwa mwenye punda kila siku ya Mungu.

Choo cha kuvuta ndicho mwizi mkubwa zaidi, kwa kuwa kinaiba ndani ya bakuli ambamo maji huwa yapo siku zote. Njia ya kukikamata ni rahisi. Pika chai ya rangi, kali kabisa, iache ipoe, uimimine kwenye tangi dogo la choo. Usivute. Rudi baada ya nusu saa. Maji ya bakuli yakiwa yamegeuka kahawia, ile raba ya ndani haifungi na maji yanapita polepole usiku kucha. Raba ni bei ndogo, lakini mnunuzi ajiulize swali lililo kubwa kuliko raba. Mvuto mmoja hula lita 6 hadi 9. Familia ya watu sita, kila mmoja akivuta mara nne kwa siku katika choo cha lita 9, inamwaga lita 216, karibu mitungi 11. Nyumba ya Modogashe ambayo choo chake pekee ni cha kuvuta, haina choo cha shimo nje wala cha kuchuchumaa kinachomwagiwa kwa ndoo, naiona kasoro hata kama kila kitu ndani yake kinang'aa. Siku kisima kikikwama, wenyeji wake watakwenda wapi?

Ukiwa bado chooni, tazama bakuli limeelekea wapi. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Modogashe, na familia nyingi za huku hazitakubali choo kinachoelekea kibla au kukipa mgongo. Bakuli linalotazama kaskazini au kusini litabidi ligeuzwe, na kuligeuza si kulizungusha kama kiti: bomba la chini litakatwa, sakafu itapasuliwa, vigae vitatafutwa vinavyofanana na vile. Wajenzi waliotoka mbali na ramani zao hukosea hapa mara kwa mara. Ndio haohao wanaofunga shawa za umeme za kupasha maji katika mji ambao maji ya tangi jeusi, ikifika Alasiri, yanachoma mkono. Na shawa hizo zina hatari yake: maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, ndiyo maana madukani kuna za maji ya kawaida na za maji ya chumvi. Ukiikuta ya kawaida imefungwa kwenye nyumba ya maji ya kisima, na waya wa ardhi haupo, usiiguse. Iondoe kwenye hesabu yako ya thamani ya nyumba.

Chumvi ndiyo inayoamua umri wa kila kitu kingine. Mkondo wa maji ya chini ya ardhi unaoitwa Merti, unaonywesha Habaswein na kambi za Dadaab, una maji matamu katikati, na kadiri unavyosogea pembeni ndivyo yanavyozidi chumvi. Visima viwili vya eneo moja vinaweza kutoa maji tofauti kabisa, kwa hiyo usiulize tu kama nyumba ina maji. Uliza ni ya kisima kipi, kisha yaonje. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye chumvichumvi na madini yaliyoyeyuka yanayozidi miligramu 1,000 kwa lita huanza kukataliwa na ulimi, na kuna kipimo kidogo cha mfukoni, cha ukubwa wa kalamu, kinachokupa hesabu hiyo kwa sekunde chache. Asiye na kipimo afungue kile kichujio kidogo kwenye mdomo wa mfereji. Kinazunguka kwa mkono. Kikiwa kimeziba chembe nyeupe, zidondoshee siki: zikitoa mapovu ni chokaa, na chokaa huweza kusafishwa. Zikikaa kimya na ukizionja ni chumvi, ujue mifereji ya shaba na mabomba ya chuma ya nyumba hiyo yanaliwa kutoka ndani.

Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, ambayo wajenzi wa zamani waliyaamini sana, ndiyo yanayoumia zaidi kwa maji ya namna hiyo. Nje yatakuwa mazima, ndani kutu imejaa hadi njia ya maji imebaki nyembamba kama kalamu. Ya plastiki ngumu hayaliwi na kutu, lakini yakiachwa juani yanakauka na kukatika kama muwa. Popote uonapo bomba la plastiki limepanda ukuta wa nje bila kufunikwa wala kupakwa rangi, libonyeze kidogo. Yale ya kijani yanayounganishwa kwa moto ni mazuri kuliko yote kwa maji yetu, mradi fundi hakuzidisha moto. Akizidisha, plastiki huyeyuka kuelekea ndani na kuziba nusu ya njia, na hutaliona kosa lake kwa macho. Utaliona kwa mtungi. Weka mtungi wa lita 20 chini ya mfereji wa mbali zaidi na tangi, fungua wote, hesabu muda. Ukijaa kwa dakika mbili, mshukuru aliyejenga. Ukichukua dakika kumi na mnara ni mrefu, kuna kitu kimekaba njiani, na muuzaji aeleze ni nini.

Maji safi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni yale yanayotoka, na huko ndiko watu wengi hawataki kutazama. Wajir, mbele kwenye barabara inayopita Modogashe, ni somo la kutosha. Mji ule unakunywa maji ya visima vifupi vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa, na kwa sababu maji yako karibu na uso wa ardhi, vyoo vya shimo havikufaa. Kwa miongo mingi watu walitumia vyoo vya ndoo vilivyomwagwa usiku. Mwishoni mwa 2015 kipindupindu kililipuka katika kaunti hiyo na kuendelea hadi mwaka uliofuata. Modogashe haina ardhi kama ya Wajir, lakini swali la msingi ni lilelile: uchafu wa nyumba hii unakwenda wapi, na maji ya kunywa yanatoka umbali gani kutoka hapo? Kanuni inayofuatwa na wengi ni mita 30 kwa uchache kati ya choo au shimo la kufyonzea na kisima. Pima kwa hatua zako, na usipime ndani ya ua wako tu. Choo cha jirani hakijui mpaka wa ploti. Kama ua una birika la chini ya ardhi la kuhifadhia mvua, lile linalojengwa kwa mawe na saruji, shuka ulikague likiwa tupu. Ufa unaoruhusu maji kutoka kiangazi ndio huohuo utakaoruhusu majitaka kuingia masika.

Shimo la majitaka lililokaa miezi bila kutumika ni mdanganyifu kama tangi tupu. Siku ya kwanza litameza chochote utakachomwaga. Kwa hiyo usijaribu kwa ndoo moja. Chukua maji uliyoyalipia, yaliyobaki baada ya majaribio ya usiku, uyaachie yote ndani ya saa moja kupitia sinki, bafu na choo, mtu mwingine akiwa amesimama kwenye chemba iliyofunguliwa. Yanapaswa kupita bila kusimama. Yakipanda kwenye chemba, bomba limeziba au mteremko wake umekosewa. Yakipotea kabla ya kufika chembani, bomba limevunjika chini ya nyumba, na hapo mimi ningeshukuru chai na kuaga. Mwulize mwenye nyumba shimo lilinyonywa lini na gari lilitoka wapi. Ikiwa jibu ni kwamba halijawahi kunyonywa na nyumba ina miaka kumi, ama shimo ni kubwa ajabu ama halina sakafu na uchafu unashuka moja kwa moja ardhini.

Paa lisisahaulike, ingawa ni nadra mtu kulihesabu kama sehemu ya mabomba. Kila milimita moja ya mvua juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 100. Kwa mvua ya milimita 275, ukiacha sehemu ya tano kwa ajili ya inayorukia nje na ile ya kwanza inayoosha mavi ya ndege, unabaki na lita 22,000 kwa mwaka, mitungi 1,100. Familia ya watu sita wanaotumia lita 15 kila mmoja inaweza kuishi kwa maji hayo miezi minane. Lakini mvua ya huku huja kwa vipindi viwili, Gu na Deyr, tena kwa siku chache na kwa ghadhabu, kama ilivyokuwa kati ya Oktoba na Desemba 2023 barabara zilipokatika. Nyumba yenye tangi moja la lita 5,000 itakusanya maji ya siku 55 tu kwa mara moja na kuyamwaga yanayozidi uani. Ukikuta gata zimefungwa upande mmoja wa paa, au zimefungwa pande zote lakini hazina mteremko, unaona nusu ya maji ya nyumba ikipotea kabla hata hujahamia.

Sasa makaratasi, ambayo nayo yana maji ndani yake. Sehemu kubwa ya ardhi ya Garissa ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa kwa amana na serikali ya kaunti, na kaunti haina ruhusa ya kuiuza wala kuihamisha. Mjini watu wengi wana barua ya kugawiwa ploti, wengine hawana hata hiyo. Barua hiyo ithibitishwe katika ofisi ya ardhi ya kaunti kabla ya kununua hata mtungi mmoja wa maji ya majaribio. Kama nyumba imeungwa kwenye mtandao wa maji, omba risiti ya mwisho, ukaulize kwenye ofisi husika au kwa kamati ya kisima kama kuna deni. Na kama muuzaji anajivunia kisima chake mwenyewe, aonyeshe kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kisima bila kibali ni ugomvi unaosubiri siku yake, katika eneo ambalo wazee wa wilaya jirani walilazimika kukutana Modogashe hapohapo mwaka 2001 kuwekeana azimio la kuzuia mapigano ya malisho, maji na mifugo.

Wengi huona haya kukagua hivi. Muuzaji ni ndugu wa ukoo, au ni mzee anayeheshimika, na kupanda juu ya tangi lake na fimbo mkononi kunaonekana kama kumwambia ni mwongo. Kwao nawakumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, iliyomo katika Sahihi ya Muslim: Mtume alipita penye rundo la chakula lililokuwa linauzwa, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuuweka unyevu juu watu wauone, na akaonywa vikali kuhusu udanganyifu. Mtume mwenyewe aliingiza mkono. Hakuishia kutazama rundo kwa juu. Na katika fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa huku, mnunuzi anayegundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauzo na iliyofichwa ana haki ya kurudisha mali.

Haki hiyo ni nzuri kwa dhamira, na wazee wataiheshimu mkiketi chini ya mti. Mahakamani mambo ni mengine. Katiba ya Kenya ya 2010 inamwachia kadhi masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Mzozo wa nyumba iliyouzwa utakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na huko desturi ya sheria tuliyoirithi kwa Waingereza humtaka mnunuzi afungue macho mwenyewe kabla ya kulipa. Sheria ya Mikataba nayo inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi, yatiwe sahihi na pande zote na kushuhudiwa. Basi matokeo ya fimbo, chai na mtungi yaingizwe kwenye mkataba kwa lugha ya kawaida: tangi lilipimwa usiku fulani, halikushuka, choo kinavuja na muuzaji atabadilisha raba, shimo halijulikani lilinyonywa lini. Mnunuzi aliye ughaibuni amtume mtu asiyepokea chochote kwa dalali, na video anayoiomba iwe ya fimbo ikitoka kwenye tangi Isha na Alfajiri. Vigae atavitazama akishahamia.

Patakuwa na swali la nani alipe maji, kwa kuwa mauzo yakivunjika yatabaki kwenye tangi la muuzaji. Mkubaliane mapema: yakibaki ayanunue yeye kwa bei ya boza, au ayachukue mnunuzi kwa mitungi yake. Jambo moja hata boza haliwezi kulijaribu, nalo ni mvua. Gata, mteremko wa ua, maji ya mtaani yakiingia chembani na kurudi bafuni kupitia tundu la sakafu, yote hayo hujulikana siku Deyr inapopiga. Wapo wanunuzi wanaoomba kubakiza sehemu ndogo ya bei kwa mzee anayeaminiwa na pande zote hadi mvua ya kwanza ipite. Wauzaji wengi hukataa. Anayekataa mwombe apunguze kiasi hichohicho kwenye bei leo, na gharama ya kurekebisha gata uibebe mwenyewe.